Pedi Bado Nene, Taa Inawaka

Kwenye dashibodi kuna taa ambazo dereva yeyote huzitii mara moja, na kuna zile ambazo watu wameshazoea kuishi nazo. Ya pedi za breki iko kwenye kundi la pili. Inawaka, dereva anakanyaga breki, gari linasimama kama kawaida, basi anajiambia taa ndiyo mbovu. Akipita gereji, fundi anachungulia katikati ya matundu ya rimu, anaona pedi bado ina nyama, yaani ile sehemu inayolika kwa msuguano, kisha anasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi: "Hiyo sensa tu, bosi. Achana nayo." Na mara nyingi kweli huwa sensa. Kinachonikera ni kwamba maneno hayo husemwa kabla hakijapimwa chochote.

Nimewahi kushughulika na magari mawili yaliyopewa jibu hilohilo. Moja langu, jingine la dada yangu. Taa ileile, rangi ileile, na breki zikikamata vizuri barabarani kwenye magari yote mawili. Kwangu taa ilikuwa inawaka bure, kwa sababu pedi zilikuwa mpya. Kwa dada yangu taa ilikuwa inasema kweli, na pedi moja ilikuwa imebakiza nyama nyembamba kama karata. Ukikaa kwenye kiti cha dereva huwezi kuyatofautisha magari hayo. Ndiyo maana nashikilia kwamba hakuna mwenye haki ya kuiita taa hiyo ya uongo mpaka pedi zote zimetazamwa na kupimwa, za ndani na za nje, kila tairi.

Kabla ya kushika jeki, hakikisha unajua ni taa ipi inayowaka, maana hapa watu wengi hupotea. Taa ya pedi ni mduara wenye vistari vilivyopinda pembeni, kushoto na kulia, na vistari hivyo vimekatikakatika. Kwa kawaida ni ya njano au rangi ya chungwa. Mduara wenye alama ya mshangao katikati ni kitu kingine: huo ni mfumo wa breki wenyewe, huwa mwekundu, na huwaka kwa sababu ya hendibreki, mafuta ya breki kupungua, au hitilafu kubwa zaidi. Yenye herufi ABS ni ya tatu, na inahusu mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu. Mtu akikwambia "taa ya breki inawaka", mwombe akuonyeshe au akupigie picha kwanza.

Hiyo nyekundu lakini ina udugu na pedi, na udugu huo unafaa kuujua. Kadiri pedi zinavyolika, pistoni ndani ya kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski inayozunguka na tairi, husogea nje kidogo kidogo kufidia pengo, na mafuta ya breki huzifuata kujaza nafasi iliyoachwa nyuma. Matokeo yake mafuta hushuka kwenye chupa yake chini ya boneti. Ndani ya chupa hiyo kuna boya, aghalabu lenye sumaku ndogo, na likishuka kiasi fulani linafunga swichi na taa nyekundu inawaka. Mwanzoni haikai. Inawaka ukikata kona au ukishika breki ghafla, mafuta yanapolala upande mmoja, halafu inazima gari likitulia. Kwa hiyo hata gari lisilo na sensa ya pedi linaweza kukuonya kwamba pedi zinaisha, kwa njia hii ya kuzunguka.

Hapo wengi huongeza mafuta, taa inazima, na safari inaendelea. Mimi huwa nawasihi wasifanye hivyo kabla ya kutazama pedi. Mafuta yakipungua pedi zikiwa zimelika, kuna maelezo. Yakipungua pedi zikiwa nene, yanavuja mahali, na gari hilo halipaswi kuondoka pale lilipo mpaka pavujapo pajulikane. Isitoshe, aliyejaza chupa wakati pedi zimelika atakuja kuona mafuta yakifurika siku pistoni zitakaporudishwa ndani ili pedi mpya zikae, na mafuta ya breki hula rangi ya gari. Yakimwagika, mwaga maji mengi papo hapo.

Tuwe tumekubaliana basi kwamba inayowaka ni ile ya vistari. Sasa inajuaje?

Magari mengi hayana sensa ya pedi kabisa. Yana ulimi mdogo wa chuma uliofungwa kwenye pedi, na pedi ikifika pembamba ulimi huo unagusa diski na kupiga mluzi mkali. Hakuna waya wala taa. Kwenye magari yenye sensa ya umeme kuna mifumo miwili, na kuutambua ulio kwenye gari lako huokoa muda mwingi wa kuhangaika.

Mfumo wa kwanza una nyaya mbili. Umeme mdogo unatoka kwenye kompyuta ya gari, unapita ndani ya kichwa cha sensa kilichochomekwa kwenye pedi, na kurudi. Ni mzunguko uliofungwa. Nyama ya pedi ikilika mpaka kimo cha sensa, diski inakisaga kichwa kile, waya wa ndani unakatika, mzunguko unavunjika, taa inawaka. Mfumo wa pili una waya mmoja. Huu uko wazi muda wote, na pale pedi inapolika, ncha ya chuma ya sensa inagusa diski, umeme unapata njia ya kwenda kwenye bodi ya gari, taa inawaka. Mercedes-Benz za miaka ya 1980 na 1990 zinajulikana kwa huu wa waya mmoja. BMW hutumia wa nyaya mbili, na kwenye nyingi za kwake kuna sensa moja mbele kushoto na moja nyuma kulia, basi.

Ona tofauti ya mifumo hiyo miwili inavyogeuza kila kitu. Kwenye mfumo wa nyaya mbili, chochote kinachokata waya kitawasha taa: jiwe, panya, plagi iliyolegea, kutu. Waliobuni walitaka hivyo. Mzunguko ukivunjika kwa sababu yoyote ile, gari linachagua kukuonya kuliko kunyamaza. Kwa hiyo hata pale tunaposema taa imewaka bure, inatoa habari ya kweli: waya umekatika mahali. Kwenye mfumo wa waya mmoja mambo ni kinyume. Waya ukikatika taa haiwaki kamwe, hata pedi ziishe, na kinachoiwasha bure ni waya uliochubuka ukawa unagusa chuma. Huo wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ubovu wake ukija kwa njia ya kukatika, unakuja kimyakimya.

Ukitaka kujua gari lako ni lipi, fuata waya unaotoka kwenye pedi na uhesabu nyaya zilizo kwenye plagi yake. Ziko magari ambayo waya mmoja hutoka kwa kila pedi na kukutana mbele, kwa hiyo hesabu pale unapoingia kwenye pedi. Njia nyingine ni kuchomoa plagi ya sensa, kisha kuwasha swichi. Kama taa ilikuwa inawaka na ikazima ulipochomoa, ni mfumo wa waya mmoja, na kilichokuwa kinaiwasha kiko upande wa tairi: ama pedi imeisha kweli, ama waya unapiga shoti. Kama taa haijabadilika, bado hujajua, endelea. Hakikisha tu hujachomoa plagi ya ABS, kwa sababu waya wake hupita njia ileile na mara nyingine hukaa kwenye kisanduku kimoja na huu wa pedi. Ukiona taa ya ABS nayo imewaka, rudisha ulichochomoa.

Nirudi kwenye kupima, kwa sababu hapa ndipo gari la dada yangu liliponyooshewa kidole isivyo haki.

Aliniambia kwa simu, "Kaka, wameniambia sensa imekufa, ila mimi roho haitulii." Aliyemhudumia alitazama kupitia rimu, na ukitazama kupitia rimu unaona pedi ya nje. Ya nje ilikuwa nene vizuri. Lakini kalipa nyingi zina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuvuta ile ya nje ije kukutana na diski. Pini zikikosa grisi au mpira wake ukipasuka na maji kuingia, kalipa inagoma kuteleza. Hapo pedi ya ndani inabeba kazi yote peke yake, hata baada ya mguu kutoka kwenye breki, na inalika huku mwenzake akibaki karibu mpya. Sensa huwa imewekwa kwenye pedi ya ndani mara nyingi, na sababu ni hiyohiyo.

Tulipoinua gari na kutoa tairi, pini moja ilitoka kwa shida, imeshika kutu ya rangi ya kahawia iliyokoza, na mpira wake ulikuwa umechanika. Pedi ya ndani nikaitoa na kuigeuza. Kichwa cha sensa kilikuwa kimesagwa kikawa bapa, sawasawa na uso wa pedi, kimeng'aa kama vile kimepigwa msasa laini, na kwenye plastiki nyeusi palionekana vidoa viwili vidogo vya shaba. Hivyo vidoa ni ncha za waya uliokatwa na diski. Ukiviona, mjadala umekwisha: sensa imefanya kazi iliyowekewa. Sensa ambayo haijaguswa, uso wake huwa na rangi ya kiwandani, hauna mkwaruzo, na mara nyingi umefunikwa na vumbi jeusi la breki. Kitu hicho kimoja kinatenganisha taa ya kweli na taa ya bure kuliko mashine yoyote ya kusomea gari, na hakihitaji zaidi ya kitambaa na mwanga mzuri.

Unene wenyewe, pedi mpya huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12 hivi, na zikifika 3 watu wa breki wanakwambia badilisha. Pima nyama peke yake. Bamba la chuma lililo nyuma yake halihesabiki, na nimeona wanaolijumlisha wakapata matumaini ambayo hayapo. Pima ncha zote mbili za pedi pia, juu na chini, kwa kuwa pedi inaweza kulika kwa mshazari. Na usiridhike na tairi yenye sensa. Gari lenye sensa moja kwa ekseli, yaani kwa jozi ya tairi za mbele au za nyuma, halijui lolote kuhusu upande wa pili. Taa ikizima au isipowaka, maana yake, waya ukiwa mzima, ni kwamba pedi ile moja yenye waya haijafika chini. Nyingine zote zinategemea macho yako.

Kazi yenyewe ina hatari zake na sitazipita haraka. Gari linapandishwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, tairi zinazobaki chini zimewekewa vizuizi, na kabla ya kuingiza mkono, uzito uko juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, haikuumbwa kushikilia gari mtu akiwa anafanya kazi chini yake. Diski iliyotoka barabarani inaunguza. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 pedi zilitengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo nayo hazina vumbi la kuvutwa puani. Lowesha, futa kwa kitambaa. Na kwenye magari ambayo hendibreki yake ni ya umeme, kalipa za nyuma hazirudishwi ndani kwa nguvu. Kuna utaratibu wa kuliambia gari lifungue mota kwanza, na asiyeufuata anavunja kalipa.

Sasa gari langu. Pedi zilikuwa zimebadilishwa karibuni, nilizipima zote na zote zilikuwa nene. Uso wa sensa haukuwa na mkwaruzo. Taa ikawaka kila nilipowasha gari, kisha ikaanza tabia ya kuzima yenyewe na kuwaka tena nikikata kona kali kulia. Taa inayobadilika kwa kuzungushwa usukani inakuelekeza kwenye waya, na sehemu ya waya inayopindapinda.

Nilianza na plagi kwa kuwa ndiyo rahisi kufikia. Ilikuwa na vumbi, ila pini zake zilikuwa safi. Kwenye magari yanayooshwa kwa maji ya presha au kupita kwenye madimbwi, hapa ndipo penye ugonjwa mara nyingi: mpira wa kuzuia maji umehama, ndani kuna unyevu, na pini zimeota ukungu wa kijani. Dalili yake ni taa inayokuja na mvua na kuondoka na jua. Ukiikuta hiyo, safisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, iache ikauke kabisa, paka grisi ya silikoni kidogo, rudisha mpira mahali pake. Usikwangue pini kwa msasa, kwa maana utaondoa ule mpako unaozilinda na kutu itarudi kwa kasi.

Kisha nikachukua mita ya kupimia umeme. Swichi ya gari imezimwa, plagi imechomolewa, mita imewekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ncha zake mbili zinagusa pini mbili za upande wa sensa. Sensa nzima ya nyaya mbili inasoma karibu na sifuri, omu moja au chini yake. Iliyokatika, mita haisomi kitu. Yangu ilisoma nzima. Hapa mtu angeweza kuirudisha, akaamini sensa haina neno, akaanza kuituhumu kompyuta ya gari. Lakini dalili yangu ilikuwa ya kona, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu azungushe usukani taratibu mpaka mwisho huku mimi nimeshikilia ncha za mita pale pale. Usukani ulipokaribia mwisho wa kulia, namba ilitoweka. Ukirudi katikati, ikarudi.

Tangu hapo ilikuwa ni kutembeza vidole kwenye waya, sentimita kwa sentimita, nikiupinda kidogo kila mahali. Karibu na shokapu kuna kibano cha plastiki ambacho waya wa sensa hupita pamoja na hozi ya breki. Waya ulikuwa umetolewa humo wakati wa kubadilisha pedi na haukurudishwa. Ulikuwa unaning'inia, na kila usukani ukizungushwa ulivutwa ukakunjika palepale. Kwa nje ganda lake lilikuwa zima kabisa. Ila ukiubana kwa kucha mahali hapo ulikuwa laini, unakunjika bila ukinzani, wakati sehemu nyingine zote zilikuwa zinarudi zenyewe zikiachiwa. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda, na ncha zake zikawa zinagusana na kuachana kufuata usukani.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowashinda wengi. Wanabadilisha sensa, wanaipitisha njia ileile mbovu, na baada ya muda taa inarudi, ndipo wanaanza kuamini gari lina laana. Sensa ikibadilishwa, waya wake unapaswa kukaa kwenye kila kibano kilichowekwa kiwandani, na baada ya hapo unazungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili gari likiwa bado juu, tairi inaning'inia, ukitazama kama waya unakazwa, unasugua rimu, au unagusa diski. Ukiwa na ulegevu wa kutosha huko kote, umemaliza.

Kuunga waya uliokatika je? Ninaelewa kwa nini watu huunga, sensa mpya haipatikani kila mahali. Lakini kwenye eneo la tairi waya unatikiswa na kukunjwa kila sekunde gari likitembea. Ukiunga kwa risasi ya kuyeyusha, ile ya kuchomelea nyaya, pale penye risasi panakuwa pagumu, na waya unakatika pembeni yake tu. Kama huna budi, unga mahali pasipokunjika, kwa kiungo cha kubana chenye ganda linalosinyaa kwa joto na kuzuia maji. Sensa na waya wake huuzwa kikiwa kipande kimoja, na ni kati ya vitu vya bei ndogo kwenye mfumo mzima wa breki. Mimi nilibadilisha. Ule wa nyaya mbili uliokwisha kusagwa na diski haurudi tena, na hata mzima mara nyingi plastiki yake huwa imekauka kwa joto la breki na kupasuka wakati wa kuutoa kwenye pedi. Ndiyo maana busara ni kununua sensa pamoja na pedi. Angalia tu ni ya mbele au ya nyuma, maana urefu wa waya hutofautiana.

Ikiwa sensa ni nzima kwelikweli, hata ukiikunjakunja, kuna jaribio moja linalogawa tatizo katikati. Kwenye mfumo wa nyaya mbili, chukua kipande kifupi cha waya na uunganishe matundu mawili ya plagi ya upande wa gari. Washa swichi. Taa ikizima, kila kitu kuanzia pale hadi kwenye dashibodi kiko sawa na ubovu uko upande wa sensa. Isipozima, ubovu uko kati ya plagi na kompyuta, au taa imejifunga kwenye kumbukumbu, jambo ambalo nitaligusa sasa hivi. Kipande hicho cha waya ni cha dakika chache za kupimia. Kikishajibu, kinatoka.

Nasisitiza kinatoka, kwa kuwa nimefungua plagi nikazikuta nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kuviringwa utepe mweusi. Mtu alifunga pedi zisizo na nafasi ya sensa, taa ikamsumbua, akaipumbaza. Kuanzia siku hiyo kompyuta inaona mzunguko umefungwa milele. Pedi zinaweza kuisha mpaka chuma kikasaga chuma, na dashibodi itabaki nyeusi. Wengine hutoa balbu. Mwenye gari aliyeagiza hivyo anajua, pengine atakumbuka kuangalia. Lakini gari huazimwa, hurithiwa, huuzwa. Anayelinunua anauziwa mbuzi kwenye gunia, na aliye ndani ya gunia ni breki. Kwangu huko ni kuchezea roho za watu, na sijali umefanywa kwa nia njema kiasi gani. Kama pedi ulizopata hazina nafasi ya sensa, afadhali taa iendelee kuwaka na kila dereva wa gari hilo aambiwe kwa nini, kuliko kuinyamazisha.

Kuhusu kumbukumbu: kwenye magari kadhaa, mzunguko ukikatika hata mara moja, kwa mfano kwenye shimo moja kubwa barabarani, kompyuta inauandika ujumbe na kuushikilia. Unaweza kuwa umeshabadilisha kila kitu, mita inasoma vizuri, na taa bado inawaka kwa ajili ya jambo la zamani. Baadhi ya magari huifuta yenyewe swichi ikiachwa imewashwa kwa muda bila kuwasha injini. Mengine hutaka uingie kwenye menyu ya matengenezo, na mengine hutaka mashine. Kitabu cha gari kinasema. Kinachofanana kwa karibu yote ni kwamba gari halitakubali kufuta ikiwa mzunguko bado umekatika wakati huo. Likikataa kufuta, usilazimishe kwa mashine nyingine, rudi kwenye waya.

BMW zina nyongeza hapa. Sensa zake nyingi zina hatua mbili: kichwa kikianza kusagwa, mzunguko wa kwanza unakatika na umeme unapitia rizista, kipande kinachouzuia umeme kiasi, iliyo ndani, na kompyuta inatambua badiliko hilo kabla pedi haijafika mwisho. Kwenye modeli zinazoonyesha kilomita zilizobaki, namba hiyo inakisiwa kwa kuchanganya hatua hizo na jinsi gari linavyoendeshwa. Ni makisio. Ukifuta hesabu hiyo kwa mkono bila kubadilisha pedi, gari litakuahidi kilomita nyingi ambazo pedi haina. Na kinyume chake, pedi zikibadilishwa bila hesabu kufutwa, taa itawaka kwenye pedi mpya kabisa, bila waya wowote kuwa na kosa. Taa ikiwaka mara baada ya matengenezo, hili liulize mapema.

Kama kazi hii huifanyi mwenyewe, bado unaweza kuiongoza. Mwambie fundi atoe tairi, asichungulie kupitia rimu. Mwombe akuonyeshe pedi ya ndani na uso wa sensa, na akuambie unene wa kila pedi kwa milimita, akuandikie. Mwombe apime sensa kwa mita huku waya ukipindwapindwa. Akibadilisha sensa, mwambie akupe ya zamani mkononi, uitazame kichwa chake: kama kina vidoa vya shaba, pedi zako zilikuwa zimeisha na anapaswa kuwa amezibadilisha, zote za ekseli hiyo, kushoto na kulia. Kama hakina, akuonyeshe mahali waya ulipokatika na namna alivyoupitisha mpya. Kisha kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka pedali iwe ngumu, tazama kiasi cha mafuta kwenye chupa, na ujaribu breki kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabara kubwa.